Anayeimba Wimbo wa Tatu

Tarehe 4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mama ameanza kupata nafuu, na wewe pia. Niliondoka haraka baada ya mazishi ya mdogo wako, sikuaga vizuri, na jambo hilo limenikaa rohoni. Ni kweli kazi ilikuwa inanisubiri huku, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa naikimbia studio yetu. Kile kiti chake kifupi kilikuwa bado kipo mbele ya kipaza sauti, na sweta lake la zambarau liko mgongoni mwa kiti. Sikuweza kuligusa. Nimelifungia humo humo.

Nakuandikia kuhusu albamu. Sasa imekamilika, nyimbo nane. Maneno yote ni yake, kama unavyojua, maana wewe uliyasikia yakitokea jikoni kwenu kabla hayajanifikia mimi. Nyimbo saba zimeimbwa na wenzetu, kama alivyopanga mwenyewe. Wa tatu, ule wa "Navaa Viatu", ndio aliokuwa amejiwekea. Mambo ni yale yale aliyoyataka: kuimba, jazi, na midundo ya kompyuta ya kuchezesha watu, vyote pamoja. Alikuwa akiniambia, "Fundi, nataka mtu alie huku miguu inacheza." Nadhani tumefika karibu na hapo.

Kampuni inayoitoa inataka ruhusa ya familia kwa maandishi. Pia wanataka kujua majina yaandikweje kwenye jalada. Karatasi nimeiweka humu ndani ya bahasha.

Wimbo wa tatu nitautuma kwenye simu yako barua hii ikishafika. Sauti utakayoisikia ni ile tuliyorekodi siku ya mwisho, mlipokuja wote wawili. Mzee Tarumbeta ameipigia tarumbeta juu yake. Alipiga akiwa amefumba macho, anaijibu sauti neno kwa neno, na alipomaliza alitoka nje bila kuaga.

Nisikilizie, Dada, kisha uniambie. Nisalimie Mama.

Mdogo wako,
Fundi

*

Tarehe 17 Machi

Fundi, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako tuliipata, na wimbo pia. Usishangae nakujibu kwa karatasi. Simu yangu siimiliki tena, imechukuliwa na Mama. Ngoja nikueleze.

Wimbo ulinikuta kazini. Kazi yetu unaijua, mashuka ya hoteli yanaingia mlango huu yakiwa machafu na yanatoka mlango ule yamenyooka, na sisi tuko katikati kwenye mvuke. Mwenzangu wa meza ya kukunjia, yule tunayemwita Mama Sabuni, aliniona nimeishika tu simu siifungui. Akasema, "Lete hapa, wewe utaishika mpaka iote mizizi." Akaifungua, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mimi nilidhani amekosea amefungua redio ya simu. Midundo ikaanza, tarumbeta ikaingia, wanawake wa kwenye pasi wakaanza kutikisa mabega. Mimi na Mama Sabuni tulikuwa tumeshika shuka, yeye pembe zile, mimi pembe hizi, tukawa tunakunja kwa kufuata mdundo, tunakutana na kuachana. Nilicheka, Fundi. Nilizunguka na lile shuka. Mama Sabuni akapiga kelele, "Kumbe mwenzetu ana kiuno, alikuwa anatuficha tu!" Ndipo nikasikia yale maneno: nakuja, navaa viatu, msifunge mlango. Nikakumbuka ni nani alikuwa akituambia hivyo kila tulipokuwa tunamsubiri nje, Mama ameshika funguo na mimi nimeshika mwavuli, yeye yuko ndani wala hajaanza hata kutafuta soksi. Shuka likaniponyoka, likaangukia kwenye maji machafu.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Udongo wa kaburi haujakauka, mimi nacheza kwa sauti yake, tena bila kuitambua. Dada wa namna gani huyo? Nilitoka nje, nikasimama karibu na mapipa mpaka msimamizi aliponiita.

Lakini sasa sikia. Unajua Mama alikuwa amelala anatazama ukuta, chakula anakionja kidogo tu halafu anasukuma bakuli. Nilipofika nyumbani nikamwekea wimbo karibu na sikio. Akainuka, akakaa. Akasema, "Ongeza." Ulipokwisha akasema, "Rudia." Tulirudia hata sijui mara ngapi. Kisha akasema, kama mtu aliyekuwa anangoja mambo yatulie, "Hivi nyumba hii leo hakupikwi?"

Akala. Na tangu siku hiyo anakula. Simu analala nayo chini ya mto. Majirani wakija kumpa pole anawanyamazisha, "Msikilizeni kwanza mwanangu." Juzi nilikuwa nampigia pasi gauni, nikajikuta naufuatisha wimbo polepole. Akainua mkono. "Wewe nyamaza, mama, usimharibie mwenzio. Yeye alipewa sauti, wewe ukapewa mikono." Nikanyamaza. Ananiambia hivyo tangu tukiwa wadogo, nimeshazoea.

Karatasi ya ruhusa nimesaini. Jina lake liandike kwa herufi kubwa. Mama naye anataka kusema na wewe, kwa hiyo yeye anasema na mimi naandika.

Dada Mkubwa

*

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mwanangu Fundi,

Mimi ni mama yako. Mimi na kalamu hatujawahi kujuana, kwa hiyo anaandika dada yako. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Hata hapo amesita, nimemwona.

Ahsante, mwanangu. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na huyu anayeandika analisikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeanza kumsahau sauti. Uso ninao, picha ziko ukutani. Sauti ilikuwa inaponyoka. Simu yake ilikuwa ile ya kubonyeza, haina kitu ndani, na mwenyewe hakupenda kunaswa wimbo kabla haujaiva. Nilikuwa naamka naitafuta kichwani siipati. Nikageukia ukuta kwa aibu. Mama gani anapoteza sauti ya mtoto wake hata nguo zake hazijatoka kabatini?

Wewe umenirudishia. Anavyolivuta lile neno "mlango", ni yeye. Na pale katikati anapocheka kidogo puani, ni yeye mtupu, alizaliwa nacho kile kicheko. Yule mzee wa tarumbeta mwambie anapiga vizuri, lakini ajifunze kumwachia mtoto amalize kusema.

Naomba kitu kimoja tu. Nitumie sauti yake peke yake, bila ngoma. Nataka kumsikia kama alivyokuwa akiimba anaosha vyombo.

Mama

*

Tarehe 29 Machi

Dada,

Nimefurahi sana kusikia Mama anakula. Nimezisoma barua zote mbili nikiwa nimesimama mlangoni, hata begi sijaliweka chini.

Kuhusu sauti peke yake, naomba mnivumilie. Kompyuta imenisumbua siku hizi, na sauti zimechanganyika na midundo kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi. Mwambie Mama nitajaribu.

Kuhusu majina, nimefikiria sana. Naomba jambo moja, na naomba lisikuudhi. Kwenye jalada tuandike kwamba maneno yote ya albamu ni yake, hiyo ni kweli tupu, na picha yake tuiweke mbele, kubwa. Lakini kwenye wimbo wa tatu tusiandike mwimbaji. Tuache wazi. Wasikilizaji wataelewa wenyewe. Nadhani itakuwa na heshima zaidi.

Kampuni wanataka jibu kabla ya kuchapisha.

Fundi

*

Tarehe 9 Aprili

Fundi,

Barua yako niliisoma nikadhani macho yangu yana shida. Nikampa Mama Sabuni anisomee. Macho yangu ni mazima.

Tuache wazi? Ndiyo heshima hiyo? Nyimbo saba wenzenu wote wameandikwa, mpaka aliyepiga makofi ameandikwa, halafu wimbo mmoja aliojiwekea yeye uwe hauna mwenyewe, kama kanga iliyookotwa barabarani? Kama kuna msichana mwingine mnataka kumpandisha jukwaani ajifanye ni yeye aliyeimba, niambie nijue. Tumeshasikia mambo ya namna hiyo kwenu huko kwenye muziki. Umeona amelala kaburini, hawezi kusema, ukaona ni rahisi.

Unisikilize vizuri. Nimelala na yule mtoto kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipougua. Naijua sauti yake akiwa na mafua, akiwa na hasira, akiwa na pini mdomoni anakunja upindo. Naijua akijifanya amelala. Mama akituita kutoka uani alikuwa anakosea ni nani ameitika, lakini mimi sijawahi kukosea. Kwa hiyo usije ukaniambia wasikilizaji wataelewa wenyewe. Waandikiwe.

Na hiyo habari ya kompyuta mbovu, mwenzangu, mimi nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote. Mtu anaposema mashine imeharibika huku anatazama pembeni, huwa najua. Hata kwenye karatasi nimekuona unatazama pembeni.

Mama ananiuliza kila siku kama umejibu. Nimemdanganya kwamba barua haijafika. Umenifanya nimdanganye mama yangu aliye kitandani. Tuma sauti ya mwanawe, na uandike jina lake. Kama huwezi, nirudishie karatasi yangu ya ruhusa.

Dada yake

*

Tarehe 16 Aprili

Dada,

Humu ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya kuweka kwenye simu, nimeifunga kwenye kipande cha kitambaa. Ndiyo sauti ya wimbo wa tatu, bila ngoma, bila tarumbeta, bila kitu chochote nilichoongeza. Nimeiacha tangu mwanzo kabisa, kabla ya kuimba kuanza.

Nakuomba kwa heshima zote usikilize wewe kwanza, peke yako, kabla ya Mama.

Nisamehe.

Fundi

*

Tarehe 24 Aprili

Fundi,

Nimesikiliza. Niliazima simu ya Mama Sabuni, nikaingia stoo ya mashuka masafi nikafunga mlango. Yeye alidhani nina mchumba. Amenitania siku kadhaa, na sijamkatalia, maana ni afadhali adhani hivyo.

Wewe ndiye unaanza. Unasema, "Sogea kidogo, Dada, hapo hapo." Halafu kuna sauti ya mwanamke inajibu, "Hapa? Mimi sijui kuimba, bwana, nawapimia tu." Nikatabasamu nikiwa stoo, nikasema huyo ni mimi, najibu kwa ukali kama kawaida yangu. Nikangoja nitoke, aingie yeye.

Sikutoka.

Sasa nakumbuka yote, wala sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimeyaunganisha. Alikuwa hana pumzi siku ile. Alikaa kwenye kiti chake akasema, "Dada, simama hapo umpimie Fundi kipaza sauti, mimi nitaimba nikipumzika." Nikasimama, nikaimba, maana wimbo niliujua, nilikuwa nakausha vyombo nao kila siku yeye akiosha. Kisha nikaenda kumnunulia maji ya kunywa, na dukani kulikuwa na foleni. Niliporudi mlikuwa mmekaa kimya mnatazama chini. Nikadhani ameshaimba na amechoka. Hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Lile neno "mlango" ninalivuta kwa sababu pumzi ilikuwa inaniishia. Na kile kicheko cha puani, ambacho Mama anasema mtoto alizaliwa nacho, ni kwa sababu alikuwa pale kitini ananitolea macho, amevuta midomo kama samaki, ananichekesha makusudi. Nilikuwa namtazama yeye. Hicho tu ndicho chake kwenye wimbo ule, kwamba nilikuwa namtazama.

Nimekutukana, Fundi. Nimekuita mwizi. Nimejigamba kwako kwamba sijawahi kukosea sauti yake, kumbe hata yangu siijui. Nilicheza mbele ya wenzangu kwa sauti yangu mwenyewe, halafu nikajilaumu kwa kumchezea marehemu. Sijui hata nianze kuona aibu wapi.

Lakini kubwa si hilo. Kubwa nitakuambia wewe tu, kwa sababu uko mbali na sitakutazama usoni. Pale stoo, nilipoelewa, kabla sijalia, nilifurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe ni mimi. Kumbe ni mimi anayemwamsha Mama, ni mimi ambaye majirani wanaambiwa wanyamaze wamsikilize. Kumbe sauti na mimi ninayo. Mdogo wangu yuko ardhini, na mimi nimesimama kwenye mashuka ya watu nafurahi kwamba nimemshinda.

Hilo ndilo siwezi kuliosha.

Usimwambie mtu. Jina lake liandike, kama nilivyokuagiza kwa ukali, sasa nakuagiza kwa kuomba. Mama anakula. Ameanza kutoka mpaka barazani. Mimi nitakaa nalo.

Ila niambie kitu kimoja. Nilipokuwa dukani, hakuimba hata kidogo?

Dada Mkubwa

*

Tarehe 3 Mei

Dada yangu,

Ningeweza kukuandikia kwamba ni yeye aliyepanga hivyo. Kwamba ulipotoka aliniambia, "Fundi, weka ya Dada, usimwambie, atakataa." Ungeniamini, na wote watatu tungelala vizuri. Nimeiandika hata barua yenyewe, nikaisoma, nikaichana. Hakusema hivyo.

Alijaribu kuimba. Alianza, akakohoa. Akaanza tena. Mara ya mwisho akasema tuache, atarudi akipata nguvu, na akaniomba nisikuambie kwamba ameshindwa, kwa sababu ulikuwa umeomba ruhusa kazini ili umlete na hakutaka uone umepoteza siku yako. Ndiyo maana tulikuwa kimya uliporudi. Hakurudi tena studio.

Alipofariki nikafungua kila kitu. Yake ilikuwa imekatikakatika. Yako ilikuwa nzima. Mwanzoni niliiweka ya kwako ili Mzee Tarumbeta apate pa kushika tu, nikaipandisha juu kidogo kwa kompyuta iwe nyepesi. Ikakaa pale kama imezaliwa pale. Mzee alipokuja, akasikia, akauliza, "Ndiye huyu?" Nikanyamaza. Akapiga ile tarumbeta uliyoisikia. Baada ya hapo ningemwambia nini? Kisha watu wa kampuni wakauliza, "Ndiye marehemu?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema neno, Dada, nimejitetea kwa hilo wiki nyingi, kwamba sikusema neno. Hata barua yangu ya kwanza kwako, itazame. Sikuandika kwamba ni yeye. Niliandika kwa ujanja, na ujanja wenyewe niliutafuta kwa makini kama ninavyotafuta mdundo.

Nilitaka albamu iwe naye. Hiyo ndiyo sababu. Na kidogo nilitaka albamu iwe nzuri. Hiyo ni sababu nyingine, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Kuhusu hiyo furaha ya stoo, sina la kukufundisha. Nitasema tu kwamba mimi ni fundi wa sauti, na nilipokusikia siku ile nilisahau kutazama mashine.

Kadi ya pili iliyo humu ndani ni yake. Ni fupi. Nilikuwa naona vibaya watu wamsikie akiwa hivyo, nikaificha hata kwenu, ambao hamkupaswa kufichwa. Kampuni nimewaambia wasichapishe bado. Kwenye wimbo wa tatu nitaandika utakachosema wewe na Mama. Ukisema niandike uongo nitauandika. Lakini safari hii niambie kwa mkono wako.

Fundi

*

Tarehe 19 Mei

Mwanangu Fundi,

Ni mimi Mama. Anaandika yule yule. Safari hii nimemwapisha.

Ameniambia. Tena hakuniambia kwa mdomo wa kusema, maana alikuwa anakuja kitandani kwangu anakaa, anakunja shuka langu, anakunjua, anakunja tena, nikamuuliza, "Umehamishia kazi huku?" Siku moja ananisikiliza nikisikiliza, wimbo uko katikati, akanyoosha mkono akaizima simu. Nikamkaripia. Akaendelea kuimba pale pale ulipokatikia. Akalivuta neno pale pale. Alipofika kwenye kile kicheko akashindwa kucheka, lakini nafasi yake akaiacha.

Nikamwambia toka. Akatoka.

Sikumfukuza kwa sababu alinificha. Nilimfukuza kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama. Nimezaa watoto wawili, Fundi, nikawanyonyesha wote, nikawaogesha beseni moja. Mmoja ameondoka nikashindwa kumkumbuka. Mwingine yupo ndani ya nyumba, ananipikia, ananifulia, na nikashindwa kumjua akiwa ananiimbia sikioni. Na mkono wangu huu nimemwinulia maisha yake yote nikimwambia nyamaza. Majirani nimewaita nikawaambia msikilizeni mwanangu, na mwanangu mwenyewe yuko jikoni nimemkataza kufungua mdomo.

Anayeandika ameweka kalamu chini. Anasema hilo hataandika, nisijiseme hivyo. Nimemwambia aliapa. Ameokota kalamu.

Siku mbili sikula, nisikudanganye. Haikuwa kususa. Chakula kilikuwa kinanitazama. Halafu nikamwita nikamwambia lete hiyo nyingine, ya mwenzio, nisikie.

Fundi, ni nyembamba. Anasema "nakuja, navaa," anakohoa, halafu anasema, "Ngoja kwanza, leo nimechoka mapema." Basi. Si kama nilivyokuwa nimeiweka kichwani. Nilikuwa nimemtafutia nyingine nzuri zaidi, nikaipenda ile. Yake ndiyo hii nyembamba. Nilipoisikia nikamjua palepale, kama mtu anayegonga mlango wako kila siku. Huhitaji kuuliza ni nani.

Hiyo usiiweke kwenye albamu. Usiiwekee ngoma. Watu wasiichezee, na yule mzee wa tarumbeta asiijibu. Hiyo ni yangu. Nimeisikia mara moja, na nitaisikia nikitaka.

Ule wimbo wa tatu watu wacheze. Sijaufungua tena bado, siwezi kusema uongo, lakini nitaufungua. Maneno andika ni ya mdogo. Picha weka yake, ile aliyofumba jicho moja, si ile ya kitambulisho. Mzee wa tarumbeta mwambie ukweli wewe mwenyewe, kwa mdomo, usimtumie karatasi. Na hao wa kampuni pia, na safari hii kichwa kikae kimya, mdomo useme.

Na wewe sikukasirikii. Nilikukasirikia siku moja, ikaisha. Njoo uchukue sweta lake kule studio uniletee, ufunguo si unao wewe.

Sasa jina. Kwenye wimbo wa tatu andika jina la aliyeimba. Nimemwambia aliandike hapa chini, wazi, na jina lenyewe ndilo hili:

Dada Mkubwa

Fundi, kuanzia hapa nasema mimi mwenyewe. Niliandika hivyo unavyoona. Mama akaniambia, "Nionyeshe lilipo." Nikaweka kidole. Akasogeza karatasi karibu na macho, akalipima kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anapima upindo. Akasema, "Hili ni fupi."

Nikasema ndilo wanaloniitia watu.

Akasema, "Mimi sijui kusoma, lakini najua nilikupa jina refu kuliko hili. Baba yako alilalamika kwamba halitaenea kwenye cheti. Andika lote, na la baba yako, na la babu yako nyuma yake."

Nikamwambia, Mama, naona aibu.

Akasema, "Hata mimi naona aibu. Andika hivyo hivyo."

Huku mbele hakuna nafasi tena. Geuza karatasi. Nimeliandika lote, kwa herufi kubwa, na Mama ameshalipima.